Kufaili ritani za KRA ulizoruka kwa miaka: anza na ya zamani

Wengi wanaoniletea shida hii waliajiriwa, wakaamini mwajiri amemaliza kila kitu. PAYE, yaani kodi ya mshahara, ilikatwa, sawa, lakini ritani, yaani taarifa ya mapato yako ya mwaka kwa KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya), ni juu yako, kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata.

1. Pakua cheti cha PIN (namba yako ya mlipakodi) kwenye iTax, tovuti ya KRA. Tazama kila kodi uliyosajiliwa na tarehe ilipoanza. Ukikuta VAT (kodi ya ongezeko la thamani) uliyojisajili ukitafuta tenda, ujue hiyo hudai ritani kila mwezi, ishughulikie kando.

2. Kusanya P9 za miaka yote, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa. Mwaka usio na kipato, faili ritani ya sufuri. Mwaka ulioajiriwa hata miezi miwili, usiguse sufuri, hata kijana wa saiba akikuhakikishia haina neno. Yeye anataka foleni isonge.

3. Jaza fomu ya Excel ya ritani unayopakua iTax. Hapa ndipo watu hukesha. Tumia kompyuta yenye Excel yenyewe. Simu sahau, na WPS, programu mbadala ya Excel, mimi siitaki kabisa. Kabla ya kufungua faili, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, weka tiki kwenye Unblock, kisha uifungue na kuruhusu makro. Usipofanya hivyo, kitufe cha Validate kitakaa kimya tu na utadhani mtandao ndio mbaya. Mshahara unaingia ukurasa wa F, PAYE iliyokatwa ukurasa wa M pamoja na PIN ya mwajiri, hesabu ya kodi iko ukurasa wa T. Nakili P9 ilivyo. Angalia sana 2020: nafuu ya kodi, yaani kiasi unachopunguziwa kwenye kodi yako, ilikuwa shilingi 1,408 kwa mwezi hadi Machi, ikawa 2,400 kuanzia Aprili, yaani 25,824 kwa mwaka mzima. Ukiweka 28,800 ya 2021, hesabu haitalingana na P9. T ikionyesha deni, kagua kwanza nafuu na pensheni kabla ya kumlaumu mwajiri. Ila kama ulikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja na kila mwajiri akakupa nafuu, deni hilo ni la kweli. Faili ya zip inayotoka ukibofya Validate usiifungue wala kuibadilisha jina.

4. Pakia mwaka baada ya mwaka. Hifadhi risiti.

5. Faini ni shilingi 2,000 kwa kila ritani iliyochelewa, au asilimia 5 ya kodi, ipi iliyo kubwa. Usingoje pesa ndipo ufaili. Faili zote kwanza, kisha tengeneza hati ya malipo na ulipe kwa M-Pesa. Msamaha wa faini za hadi Desemba 2023 ulifungwa 30 Juni 2025, kwa hivyo anayekuuzia “njia ya msamaha” mwambie akuonyeshe sheria.