Somo: Kupiga kambi msituni Usambara Mashariki, pasipo bomba wala choo

Mto Zigi unakusanya vijito vya Usambara Mashariki, unashuka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka hapo maji yanaingia kwenye mabomba ya Jiji la Tanga. Anayelala msitu wa Amani Jumamosi na kujisaidia kando ya kijito anaichafua ndoo ya mtu wa Ngamiani au Makorora huko mjini. Ndiyo maana somo hili litakaa sana kwenye maji na choo kuliko kwenye uzuri wa hema. Kambi ya namna hii ni ile isiyo na banda, bomba, umeme wala mlinzi: kila kitu unakipandisha mgongoni na kila kitu unakishusha.

Hatua ya 1: Jua msitu ni wa nani

Kabla ya kufunga begi, uliza msitu huo uko chini ya nani. Kwa Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 kuna misitu ya hifadhi ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997 na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Pale utalipa kiingilio na ada ya kulala kwa namba ya malipo ya serikali, na utalala pale wanapokuonyesha, si popote macho yanapopenda. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, hivyo beba kitambulisho cha taifa. Nilo na Magamba ya Lushoto nazo ni hifadhi za mazingira asilia, utaratibu ni wa aina hiyo hiyo.

Msitu wa kijiji una mlango mwingine. Nenda ofisi ya serikali ya kijiji, muone mtendaji au mwenyekiti, naye atakuunganisha na kamati ya maliasili. Sema majina, idadi, siku mtakazolala na kama mtawasha moto. Andikeni kitabu cha wageni. Pengine hamtatozwa chochote, pengine mtaombwa mchango. Ukitoa, omba risiti. Fika kijijini kabla ya saa 8 mchana, maana mtendaji huwa na shughuli za watu wengi, na mkipata ruhusa saa 12 jioni mtachagua mahali pa kulala kwa tochi. Kosa hilo huzaa mengine yote ya usiku ule.

Hatua ya 2: Chagua majira

Amani hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na hakuna mwezi wa kuapia kwamba haitanyesha. Masika, Machi hadi Mei, usijaribu kwa mara ya kwanza: barabara ya udongo kutoka Muheza huteleza na vijito hupanda ghafla. Januari na Februari ndiyo nafuu. Juni hadi Agosti mvua hupungua lakini baridi huuma, na ukienda Magamba, ambako kilele kinapita mita 2,000, blanketi moja la pwani halitoshi.

Hatua ya 3: Mizigo ya watu wanne, usiku mmoja

Turubai moja la mita 4 kwa 5. Kamba ya nailoni mita 12 kwa ajili ya mgongo wa turubai, yaani mstari wa katikati unaolibeba, na vipande sita vya mita 3 kwa pembe na pande. Vigingi kumi. Hema mbili za watu wawili wawili. Nailoni ngumu ya kutandika chini. Magunia mawili makuukuu. Madumu mawili ya lita 10. Jembe dogo la mkono. Jiko la gesi ya kopo na makopo mawili ya gramu 220. Tochi ya kichwani kwa kila mtu. Sufuria yenye mfuniko, kanga safi ya kuchujia, vidonge vya klorini, sabuni ya kipande, mifuko minne ya taka.

Chakula kiwe cha kuiva upesi. Maharage yatakumalizia gesi yote. Beba choroko ulizoloweka tangu asubuhi, mchele, dagaa waliokwisha kukaangwa, tende na karanga. Kopo moja la gramu 220, likikingwa upepo, huchemsha takriban lita 12 hadi 15 za maji. Piga hesabu ya milo yako kwa kipimo hicho.

Hatua ya 4: Mahali pa kulala

Hapa ndipo kambi inaposhinda au kushindwa, kwa hiyo tembea nusu saa nzima kabla ya kushusha mzigo.

Angalia juu kwanza. Tawi kavu lililoning'inia au mti uliooza ndani huanguka hata pasipo upepo, maana mvua huongeza uzito. Gonga shina kwa ubapa wa panga: mti mzima hutoa sauti nzito, uliooza hulia kama ngoma. Mkuyu wenye matunda nao uache, kwa sababu kima na popo watakuwa juu yako usiku kucha, na watakachoangusha si matunda tu.

Kisha angalia chini. Majani yaliyolala upande mmoja kama nywele zilizochanwa ni njia ya maji ya mvua. Udongo laini uliotuama bondeni ni dimbwi linalosubiri. Unataka mwinuko mdogo sana, kiasi kwamba ukimwaga kikombe cha maji yanasogea polepole badala ya kutuama. Kaa angalau mita 60 kutoka kijito, yaani hatua 80 za mtu mzima. Kama pana sehemu iliyokwisha kukanyagwa na kambi za zamani, lala hapo hapo. Kufyeka mahali papya ni kuua miche ambayo kivuli cha msitu kiliilea kwa miaka.

Wapo wanaochimba mfereji kuzunguka hema. Tunasema usichimbe. Unakata mizizi midogo, unafungua udongo, na mvua ya kwanza inaufanya mfereji kuwa korongo. Mahali palipochaguliwa vizuri hapahitaji mfereji.

Hatua ya 5: Turubai kwanza, hema baadaye

Funga turubai kabla ya kutoa hema begini, ili mvua ikija mfanyie kazi chini yake. Tafuta miti miwili iliyo mbali kwa mita 7 hivi, tengeneza mgongo wa kamba kwa urefu wa kifua, kama mita 1.5. Zungushia gunia kwenye shina kabla ya kufunga, ili kamba isikate gome. Pande mbili zishuke hadi sentimita 50 kutoka ardhini. Turubai likiwa bapa litabeba mfuko wa maji: lita 20 ni kilo 20, na tundu la pembeni litachanika.

Kamba ya nailoni hulegea ikilowa, basi kaza tena baada ya robo saa ya mvua. Maji pia hutembea juu ya kamba na kuingia moja kwa moja hadi chini ya turubai. Dawa yake ni kufunga kitambaa kifupi kwenye kila kamba, sentimita 20 nje ya ukingo wa turubai. Maji yakifika kwenye kitambaa yanadondoka hapo.

Nailoni ya kutandika chini ya hema iwe ndogo kuliko sakafu ya hema kwa sentimita 5 kila upande. Ikitokeza nje hukinga mvua na kuipeleka moja kwa moja chini ya mgongo wako. Watu wengi huamka wamelowa na kulilaumu hema, kumbe ni nailoni.

Hatua ya 6: Maji

Mtu mmoja anahitaji lita 4 hadi 5 kwa siku za kunywa na kupikia. Chota panapotiririka, juu ya mahali watu wanapovukia. Chuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne, kisha chemsha hadi mapovu makubwa yatokote dakika 1. Ukitumia klorini soma pakiti, kwa kuwa kuna vidonge vya lita 1 na vya lita 20 na kwa macho vinafanana. Ngoja dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yenye tope huila klorini kabla haijaua vijidudu, ndiyo sababu ya kuchuja kwanza. Usioge wala kuosha vyombo ndani ya kijito. Beba maji kwenye sufuria, oshea mbali, mwaga kwa kutawanya.

Hatua ya 7: Choo

Shimo liwe mbali na maji, njia na kambi, angalau mita 60 kila upande. Ondoa majani makavu, kata kipande cha juu cha udongo na ukiweke kando kikiwa kizima, chimba sentimita 15 hadi 20. Usiende chini zaidi: vijidudu vinavyoozesha viko kwenye tabaka hilo la juu, na ukichimba nusu mita uchafu utaoza polepole zaidi. Ukimaliza fukia, rudisha kile kipande, sambaza majani. Kwa wanaotawadha kwa maji kazi ni rahisi. Karatasi ichukue kwenye mfuko, kwa maana nguruwe pori hufukua. Watu wakizidi sita na siku mbili, chimbeni mtaro mmoja wa kina hicho hicho na mfukie kidogo kidogo kutoka mwanzo hadi mwisho wake.

Hatua ya 8: Moto na usiku

Ndani ya hifadhi tumia gesi. Kwenye msitu wa kijiji, ukiruhusiwa moto, tumia mafiga yaliyopo. Majani yaliyorundikana hushika moto kwa chini, nao hutambaa kwenye mizizi na kuibuka mbali kesho yake. Kuuzima, mwagia lita 5 za maji, koroga, mwagia tena, kisha gusa jivu kwa mgongo wa mkono. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema hata baridi iwe kali kiasi gani. Hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Chakula chote kitundikwe mbali na hema. Viatu vifungiwe ndani, vikung'utwe asubuhi. Kuni na maji vitafutwe kabla ya magharibi, kwa kuwa nyoka kifutu hulala kwenye majani makavu na rangi yake ni ya majani hayo hayo. Akiuma, usichanje, usifunge kamba, usinyonye: tuliza kiungo kwa ubao kama kilichovunjika, mbebeni mgonjwa asitembee, shukeni hospitali Muheza.

MASWALI YA WASOMAJI

Swali: Nimesoma kwamba Marekani watu hulala bure kwenye misitu ya taifa. Kwa nini huku tulipe?

Jibu: Kule misitu mingi ya taifa huruhusu kulala nje ya kambi rasmi bila ada, kwa kawaida hadi siku 14, lakini nako kuna sehemu zilizofungwa na masharti ya moto. Ruhusa hiyo ni ya kule. Hifadhi ya Amani ni ndogo, na ina mimea isiyoota kwingine duniani. Ukitaka gharama ndogo, njia yako ni msitu wa kijiji na mazungumzo na mtendaji.

Swali: Shikamoo mwalimu. Huku Tanga kamba za katani tunazo kila duka. Siwezi kuzitumia badala ya nailoni?

Jibu: Marahaba mwanangu. Waweza, lakini zina tabia ya kinyume. Katani ikilowa huvimba na kufupika, kwa hiyo turubai ulilolikaza kavu litang'oa vigingi au kuchana matundu usiku. Ukiitumia, iloweshe kwanza, au ifunge ikiwa na ulegevu wa vidole vinne. Ikikauka asubuhi italegea. Na usiihifadhi mbichi, huoza kwa ndani.

Swali: Nataka kulala kwenye bembea ya kitambaa badala ya hema. Inafaa?

Jibu: Inafaa sana penye mteremko na mizizi. Miti iwe mbali kwa mita 3.5 hadi 4.5, minene kuliko paja, na mkanda wa kufungia uwe na upana wa sentimita 5 ili usijeruhi gome. Kaa chini ujipime: usizidi nusu mita kutoka ardhini. Tatizo ni baridi ya kutoka chini, kwa sababu uzito wako hulibana blanketi hadi halina joto tena. Weka mkeka wa sponji chini yako.

Swali: Assalaam aleikum. Sisi ni akina dada watano. Taulo za kike tunafanyaje?

Jibu: Waalaikum salaam dada zangu. Msizike wala msichome. Zina plastiki, haziungui vizuri kwa moto wa kambi, na wanyama huzifukua. Chukueni mfuko mweusi mmoja wenye majani makavu ya chai ndani yake, hunyonya harufu, na mshuke nao mjini. Wekeni choo upande ambao njia haipiti, na mtundike kanga mbili. Mwambieni mtendaji idadi yenu na mchukue mwongozaji anayefahamika kijijini.

Swali: Siafu wakiingia kambini usiku nifanye nini?

Jibu: Usipigane nao. Toeni watu, watoto kwanza, sogeeni mita 30 kando ya msafara wao, si mbele yake. Watapita, pengine kwa saa kadhaa. Jivu kavu huwageuza, la mvua halisaidii kitu. Mafuta ya taa msimwage: yatafika kijitoni. Jioni zungukeni na tochi, hasa baada ya mvua, mkiona msafara karibu hamisheni hema mapema.

Swali: Hema langu limeota madoadoa meusi na linanuka. Nilifanya kosa gani?

Jibu: Ulilikunja likiwa bichi. Ukifika nyumbani litandaze siku hiyo hiyo kivulini penye upepo hadi mishono ikauke, maana mishono ndiyo hukauka mwisho. Jua kali la pwani hudhoofisha kitambaa. Madoa yaliyokwisha kuingia sugua kwa sifongo, maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, usitumie dawa ya kung'arisha nguo. Rangi huenda isitoke yote. Ukishalikausha, mwaga maji juu ya mishono na utazame kwa ndani, na panapovuja paka gundi ya mishono kabla ya safari nyingine.