Kutunza majaribio na istilahi za Memcheck

Majaribio ya Memcheck, chombo cha kunasa makosa ya kumbukumbu kilichomo kwenye Valgrind (mkusanyiko wa zana za kuchunguza programu), hulinganisha maandishi na maandishi. Badilisha neno moja kwenye ujumbe, na majaribio kibao yataanguka ilhali chombo ni kizima.

1. Programu ndogo, kosa moja

Iite `kupita.c`, uiweke ndani ya `memcheck/tests`:

```
#include <stdlib.h>
int main(void)
{
   volatile char *p = malloc(8);
   p[8] = 'a';
   free((void *)p);
   return 0;
}
```

Hiyo `volatile` si pambo. Kompaila ikiona thamani inaandikwa na haisomwi popote, huenda ikaufuta mstari wote, na jaribio likabaki halina kosa la kunasa.

2. Faili zake

`kupita.vgtest`:

```
prog: kupita
vgopts: -q
```

Tengeneza pia `kupita.stderr.exp`, faili ya ujumbe unaotarajiwa, tupu kwa sasa. Kwenye `Makefile.am`, jina la programu liingie `check_PROGRAMS`, na faili hizi mbili ziingie `EXTRA_DIST`. Hili la pili husahaulika kwa sababu kwako jaribio litaenda vizuri tu; litakosekana kwenye kifurushi cha toleo.

3. Liendeshe

```
make check
perl tests/vg_regtest memcheck/tests/kupita
```

Litaanguka, na ndivyo tunavyotaka. Fungua `kupita.stderr.out`, yaani ujumbe uliotoka kweli:

```
Invalid write of size 1
   at 0x........: main (kupita.c:5)
 Address 0x........ is 0 bytes after a block of size 8 alloc'd
   at 0x........: malloc (vg_replace_malloc.c:...)
   by 0x........: main (kupita.c:4)
```

Nukta ni kazi ya kichujio: anwani hubadilika, kwa hiyo hufichwa.

4. Soma kabla ya kunakili

Hapa usiwe na haraka. Baiti 0 baada ya kipande (block) cha kumbukumbu? Wageni hudhani hesabu imekosewa. Hesabu kwa vidole: kipande cha baiti 8 kina fahirisi 0 hadi 7, hivyo `p[8]` ndiyo baiti ya kwanza nje ya mpaka, bila nafasi katikati. Ingekuwa `p[9]`, ungeona 1. Ukisharidhika, ndipo unakili `.out` juu ya `.exp`. Mimi niliwahi kunakili kwa mkupuo bila kusoma. Jaribio moja lilikuwa limeacha kabisa kuripoti kosa lake, nami nikalipitisha kwa mkono wangu.

5. Istilahi za uvujaji wa kumbukumbu

`definitely lost` maana yake hakuna pointa yoyote iliyopatikana ya kukifikia kipande. `indirectly lost` ni kipande kinachofikiwa kupitia kingine kilichopotea. `possibly lost`: pointa iliyopo inaelekeza katikati ya kipande, si mwanzo wake. `still reachable`: pointa ipo, ila hukuita `free`. Nakala ya pointa ikisalia kwenye rejista, `definitely lost` hugeuka `still reachable` na jaribio huyumba. Kuzifuta rejista hizo ndiyo kazi ya `CLEAR_CALLER_SAVED_REGS` ndani ya `leak.h`.

6. Ukilazimika kubadilisha neno

```
grep -rn "bytes after a block" .
```

Gusa msimbo, kila `.exp` pamoja na zile zenye viambishi vya majukwaa mengine, kisha `mc-manual.xml`. Yaweke yote kwenye komiti moja isiyo na badiliko lingine lolote, ili anayekagua aone maneno tu.