Kabla hujatuma pesa za madawati: nani ana sauti katika shule ya kwenu Uganda

Ujumbe hufika usiku, mara nyingi na picha: watoto wa darasa la tatu wamekaa sakafuni katika shule uliyosoma wewe mwenyewe, na chini yake namba ya simu ya kupokelea pesa. Kabla hujatuma hata shilingi, uliza swali moja: kamati ilikaa lini kulizungumzia jambo hili, na muhtasari wa kikao uko wapi? Jibu litakueleza hali ya shule kuliko picha yenyewe.

Nani kakalia kiti gani

Sheria ya Elimu ya 2008 imeiweka shule ya msingi ya serikali chini ya kamati ya usimamizi, ambayo watu huiita SMC. Sekondari ina bodi ya magavana. Wajumbe hukaa miaka mitatu. Kundi kubwa zaidi ndani ya SMC, mwenyekiti akiwemo, hupendekezwa na taasisi iliyoianzisha shule: Kanisa Katoliki, Kanisa la Uganda, Waislamu, au mwanzilishi mwingine. Waliobaki ni wawakilishi wa serikali za mitaa, wazazi waliochaguliwa kwenye mkutano mkuu, mwakilishi wa walimu na mwakilishi wa wanafunzi wa zamani. Mwalimu mkuu ni katibu.

Hicho kiti cha wanafunzi wa zamani ndicho chenu, na katika shule nyingi hukaliwa na mtu ambaye hakuna aliyemchagua. Mkiwa watu kumi mlioko Dubai, Boston na London mliosoma shule moja, kubalianeni juu ya mwenzenu anayeishi karibu na shule, mwandikieni mwalimu mkuu barua ya kumpendekeza, nakala kwa mwenyekiti wa SMC na kwa ofisa elimu wa wilaya. Fanyeni hivyo miezi michache kabla kipindi cha kamati hakijaisha. Mkichelewa, mtasubiri miaka mitatu mingine.

PTA, yaani chama cha wazazi na walimu, ni kitu kingine. Katika miaka ya 1970 na 1980, serikali ilipolemewa, michango ya wazazi ndiyo iliyowapa walimu posho na kujenga madarasa, ndiyo maana wazee wengi bado huamini kwamba PTA ndiyo mwenye shule. Kisheria msimamizi ni SMC. Nguvu ya PTA iko kwenye mkutano mkuu: hapo wazazi huchagua watu wao wa kuingia SMC, na hapo ndipo mwalimu mkuu anaweza kuulizwa hadharani pesa zilikwenda wapi. Mtoto wako akisoma huko nawe uko ughaibuni, mwandikie mlezi wake barua fupi ya kumtambulisha kama mwakilishi wako, ipelekwe shuleni kabla ya siku ya mkutano. Bila barua hiyo, shangazi au babu hukaribishwa kuketi na kusikiliza, lakini siku ya kupiga kura anaweza kuambiwa yeye si mzazi.

Mwakilishi wa walimu ndiye anayejua chaki ziliisha lini na mwenzake yupi haonekani siku za Jumatatu. Tatizo ni kwamba anaketi meza moja na bosi wake, ambaye ndiye anayeandika muhtasari. Usitegemee atasema yote mbele ya kikao. Shule inayoendeshwa vizuri huanza na kikao cha walimu peke yao, wanaandika mahitaji yao kwa mpangilio wa uzito, na mwakilishi anaisoma karatasi ya wote badala ya maoni yake. Omba kuiona karatasi hiyo. Mara nyingi utakuta walimu wameweka nyumba za walimu au vitabu juu, na madawati yako nafasi ya nne.

Ubao wa matangazo

Utafiti uliofuatilia ruzuku za shule za msingi Uganda kati ya 1991 na 1995 ulikuta kwamba kwa wastani shule zilipokea asilimia 13 tu ya pesa zilizotoka Kampala kwa matumizi yasiyo mishahara. Nyingine zilipotelea njiani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kiasi zilichopokea. Desturi ya kubandika ipo hadi leo, na kuifuatilia ndiyo kazi rahisi kuliko zote unayoweza kumpa ndugu yako: apite ofisi ya mwalimu mkuu mwanzo wa muhula, apige picha ubaoni. Inatakiwa ionekane tarehe pesa zilipoingia, kiasi, idadi ya wanafunzi iliyotumika kukokotoa, na zimetumikaje. Idadi ya wanafunzi ndiyo ya kuangalia sana. Ubao ukisema 812 na madarasani wako 600, huenda kuna majina hewa, na SMC inapaswa kuulizwa.

Mchango wa hiari usio wa hiari

Tangu UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ilipoanza 1997, shule iliyo katika mpango huo hairuhusiwi kutoza ada. Sheria inaruhusu mchango wa hiari, ila mtoto asinyimwe masomo kwa sababu mzazi hakutoa. Chakula cha mchana nacho sheria imekiweka kwenye majukumu ya mzazi, kwa hiyo usishangae mkutano ukijadili mahindi na maharage. Kinachoharibika ni hiki: wazazi wachache wanakubaliana mchango, hausemwi tena kuwa ni wa hiari, na kufikia wiki ya tatu watoto wanarudishwa nyumbani. Ukisikia hivyo, omba nakala ya azimio la mkutano, uone waliohudhuria walikuwa wangapi na neno "hiari" limeandikwa au la. Wanadiaspora huchangia tatizo hili bila kujua, kwa kulipia "wale wetu" kimyakimya. Kiwango kinapanda, na jirani asiye na mtu nje ndiye anayeumia.

Mradi, kutoka azimio hadi msumari wa mwisho

Andika kwa SMC, si kwa mtu. Eleza mnataka kutoa nini na kwa kiwango gani, kisha subiri azimio lenye tarehe, namba ya kipengele na saini za mwenyekiti na katibu. Hitaji lihesabiwe. Darasa la watoto 90 kwa dawati la watatu linahitaji madawati 30, si 50. Kipimo cha vyoo ni wanafunzi 40 kwa tundu moja, hivyo shule ya watoto 400 inahitaji matundu kumi, yaani vyoo viwili vya matundu matano, wasichana mbali na wavulana, na upande wa wasichana chumba cha kubadilishia na kunawia.

Shimo la choo lijengewe matofali ndani. Lisilojengewa haliwezi kufyonzwa likijaa, na kwenye udongo wa kichanga huporomoka mvua kubwa ikinyesha. Mbao za madawati zisiwe za mkaratusi mbichi: hupinda ndani ya miezi, misumari inalegea, na ifikapo muhula wa tatu unapigiwa picha ileile ya watoto sakafuni. Darasa jipya liwe na kinga ya radi tangu kwenye makadirio ya gharama. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo. Waya wa shaba huibwa, kwa hiyo sehemu ya chini ipitishwe ndani ya bomba na kufunikwa kwa zege.

Makadirio yapitiwe na mhandisi wa wilaya, na ofisa elimu apewe nakala. Pesa ziingie akaunti ya benki ya shule, si namba ya simu ya mtu, hata awe mchungaji. Lipeni kwa awamu: msingi, kuta, paa, umaliziaji, kila awamu ikitanguliwa na picha na saini ya mjumbe wa SMC asiye mwalimu mkuu. Asilimia 10 ya mwisho ibaki mkononi mwenu hadi msimu mmoja wa mvua upite, maana paa linalovuja halijulikani Januari.

Na ardhi? Ulizeni hati iko kwa jina la nani. Shule nyingi zimekaa juu ya ardhi ya kanisa au msikiti, na hilo si kosa, lakini taasisi hiyo iandike kwamba inaukubali mradi kabla tofali la kwanza halijalala.

Mambo yakienda kombo

Anza na mwalimu mkuu kwa maandishi, kisha mwenyekiti wa SMC, kisha ofisa elimu wa wilaya, halafu ofisa mtendaji mkuu wa wilaya. Wizi wa wazi hupelekwa kwa Inspekta Mkuu wa Serikali, ukiambatanisha risiti za benki na lile azimio. Malalamiko ya sauti za WhatsApp hayaendi popote.

Walimu wakuu huhamishwa, wakati mwingine katikati ya mwaka. Kwa hiyo kila dawati lipigwe chapa ya jina la shule, mwaka na namba, orodha iingie kwenye daftari la mali, na mwalimu mkuu anayeondoka na anayeingia wayahesabu madawati pamoja mbele ya mjumbe wa kamati kabla funguo hazijabadilisha mikono.