Namna ya Kuirudia Hadithi ya Chimbuko la Magneto

Anayetaka kuirudia hadithi ya chimbuko la Magneto, adui wa kundi la mashujaa la X-Men katika vitabu vya katuni vya Marekani, mwenye uwezo wa kupinda chuma, anapaswa kujua kwanza kwamba haikuandikwa kwa mpangilio wa maisha yake. Wasomaji walimjua kwa uovu wake tangu Septemba 1963, ilhali utoto wake haukufichuliwa hadi mwaka 1981. Kwa hiyo usianze na kitabu kinachosimulia utoto huo, hata kama ndicho kinachopatikana kwa urahisi. Fuata mpangilio wa kuchapishwa, ili umchukie kwanza kama walivyomchukia wasomaji wa awali, kisha uone chuki hiyo inavyotikiswa.

Toleo la kwanza la X-Men, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby, lisome haraka. Humo Magneto anavamia kituo cha makombora cha Marekani kwa sababu anaamini kuwa mutanti, yaani watu waliozaliwa na uwezo usio wa kawaida, wanastahili kuwatawala wengine. Hatajiwi wazazi, nchi wala kijiji. Ongeza toleo la 4 la mwaka 1964, linaloleta kundi lake kwa mara ya kwanza, na umtazame kwa makini anavyomtendea Toad, kibaraka wake anayemnyenyekea na kuambulia dharau. Mtu anayedai kupigania jamii yake anamdhalilisha mmoja wa jamii hiyohiyo. Weka jambo hilo akilini, kwa maana hakuna toleo la baadaye linalolifuta. Mengi yaliyobaki ya miaka ya sitini unaweza kuyaruka bila hasara, ila ufahamu kwamba mwaka 1974 Magneto aligeuzwa kuwa mtoto mchanga, na baadaye akarudishiwa utu uzima akiwa katika ubora wa nguvu zake. Ndiyo maana mtu aliyekuwa kijana wakati wa Vita Kuu ya Pili haonekani mzee.

Toleo la 150, la Oktoba 1981, ndilo la kusomwa polepole. Mwandishi ni Chris Claremont na mchoraji ni Dave Cockrum. Magneto anayaamuru mataifa yaachane na silaha za nyuklia na kumkabidhi mamlaka; manowari ya Kisovieti iitwayo Leningrad inamrushia makombora, naye anaizamisha pamoja na mabaharia wake. Baadaye, katikati ya pambano, anampiga Kitty Pryde, msichana mdogo kuliko wote katika kundi la X-Men, na kudhani amemuua. Hapo anasimama. Anampakata binti huyo na kukumbuka Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, ambako jamaa zake waliuawa.

Soma tukio hilo mara mbili. Mara ya kwanza fuata maneno. Mara ya pili yaache maneno, utazame uso wake na mikono yake. Kisha rudi nyuma kurasa chache hadi kwenye manowari. Mabaharia wale hawakupakatwa na mtu, na huzuni inayomshika mbele ya msichana haikumshika alipowazamisha wao. Kwa maoni yangu hapo ndipo uzito wote wa hadithi hii ulipo: mateso yake ni ya kweli na yanastahili machozi, lakini marehemu wa Leningrad nao wana haki ya kukumbukwa na msomaji, hata pale mwandishi anapokuwa ameelekeza taa upande mwingine.

Baada ya hapo nenda kwenye toleo la 161 la mwaka 1982, linaloonyesha urafiki wa Magneto na Charles Xavier, mwanzilishi wa X-Men, walipokuwa wakiwahudumia manusura wa kambi za Wanazi mjini Haifa. Halafu tafuta toleo la 12 la Classic X-Men, la mwaka 1987. Binti yake Anya anateketea ndani ya nyumba inayowaka huku umati ukimzuia baba asimwokoe. Anauangamiza umati huo, na mkewe Magda anamkimbia kwa hofu. Hofu ya Magda isipite bila kutafakariwa, kwa kuwa yeye pia amempoteza mtoto yuleyule.

Sasa ndipo ufungue Magneto Testament, iliyotoka katika matoleo matano kati ya 2008 na 2009, ikiandikwa na Greg Pak na kuchorwa na Carmine Di Giandomenico. Humo ni mvulana wa Kiyahudi wa Ujerumani aitwaye Max Eisenhardt, na uwezo wake wa ajabu karibu hauonekani. Uamuzi huo ninauheshimu sana, maana uwezo wa kupinda chuma ungeyafanya Maangamizi ya Wayahudi yaonekane kama jambo ambalo shujaa mmoja angelizuia. Soma ukiwa na kitabu cha historia mkononi. Sheria za Nuremberg, zilizowanyima Wayahudi uraia wa Ujerumani, zilipitishwa Septemba 1935; kambi ya Waroma, jamii iliyozoea kuitwa Wajipsi, huko Birkenau, sehemu ya Auschwitz, ilifutwa kwa kuwaua wafungwa wake usiku wa kuamkia tarehe 3 Agosti 1944; na wafungwa wa Sonderkommando, waliolazimishwa kushughulikia miili ya waliouawa, waliasi tarehe 7 Oktoba mwaka huohuo. Ukiona ukurasa unakuelemea, funga kitabu upumzike, kwani hadithi hii haifai kumalizwa kwa pupa.

Filamu ya X-Men ya mwaka 2000 iache mwisho kabisa. Inafungua kwa mvulana anayetenganishwa na wazazi wake nchini Poland mwaka 1944, naye analipinda lango la chuma kwa uchungu. Ni tukio lenye nguvu, lakini linaunganisha kilio na uwezo wake kwa dakika chache tu, na anayeanzia hapo huenda akadhani kwamba njia kutoka kwenye lango lile hadi kwenye manowari ilikuwa moja na imenyooka, asiwaone kabisa Xavier, Magda na Anya, ambao kila mmoja wao alikuwa njia panda.