CT ya tumbo isiyo na chenga: mambo ya kufanya kabla ya kubonyeza kitufe

Picha ya tumbo ya CT (mashine ya eksirei inayoonyesha mwili vipande vipande) ikitoka na chenga, yaani vidoa vidoa vinavyoficha viungo, wengi wetu tunaoipiga hukimbilia kuongeza mionzi. Njia hiyo ni ghali kwa mgonjwa: ili chenga zipungue kwa nusu, mionzi lazima iongezwe mara nne. Mimi huanzia mezani.

1. Mvue kila chenye chuma. Mkanda, sarafu, hirizi, vifungo vya sidiria. Usisahau shanga za kiunoni. Mwanamke mwenzake amuulize faraghani, kwa staha. Mikono ipande juu ya kichwa. Ikibaki ubavuni huchora milia kwenye ini na bandama. Bega likiuma, ilaze juu ya mto mbele ya tumbo.

2. Mweke katikati ya gantri, lile duara ambamo meza hupita. Hapa ndipo picha nyingi huharibikia. Kichujio cha miale ni chembamba katikati na kinene pembeni, kwa hiyo mwili uliokaa chini au juu mno hupata miale michache pale ilipohitajika zaidi. Tena picha ya mwongozo, ile ya kwanza ambayo mashine huitumia kupanga mionzi, hudanganyika: mwili ukiwa karibu na tyubu inayotoa miale huonekana mnene, mashine ikaongeza mionzi bure, ukiwa mbali huonekana mwembamba, mionzi ikapunguzwa na chenga zikajaa. Tazama taa ya leza ubavuni, ipite katikati ya unene wa mwili. Kitambi kikubwa kinataka meza ishushwe. Usitumie urefu wa meza wa mgonjwa aliyetangulia.

3. Mfundishe kubana pumzi. Mashine nyingi huja na sauti ya Kiingereza. Bibi aliyetoka kijijini atajuaje? Mrekodie sauti ya Kiswahili: “Vuta pumzi. Ibane. Usipumue.” Fanyeni zoezi mara mbili kabla ya dawa ya kontrasti, naye avute pumzi ndefu kidogo kwanza ili zile sekunde kumi zisimshinde. Ini likicheza, hakuna programu itakayolirudisha mahali pake.

4. Maji na dawa ya kontrasti (dawa yenye ayodini inayodungwa mshipani ili viungo vionekane vizuri). Kama daktari hajakataza kunywa, nusu lita ya maji hutanua tumbo la chakula na duodeni. Kabla ya kontrasti, uliza mzio na uangalie kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo. Tumia kanula (mrija mwembamba wa mshipani) ya geji, yaani kipimo cha unene, 20 au 18 kwenye mshipa wa kiwiko, uijaribu kwa maji ya chumvi, kisha sukuma mililita 3 hadi 4 kwa sekunde. Kwa ini na viungo vingi, piga picha sekunde 70 tangu dawa ianze kusukumwa. Ukitafuta uvimbe wa ini unaopenda damu ya ateri, ongeza awamu nyingine ya picha, ya sekunde 35 hivi.

5. Kilovolti, yaani nguvu ya umeme wa tyubu. 120 kwa watu wengi. Mgonjwa mwembamba aliyepewa kontrasti, shuka hadi 100. Hapo ayodini ya kontrasti hung’aa zaidi.

6. Unene wa vipande. Hifadhi vya milimita 1, lakini vya kusomea tengeneza vya milimita 4. Chenga zitapungua karibu nusu bila mionzi ya ziada. Dirisha, yaani mpangilio wa weusi na weupe kwenye skrini, liwe upana 400, kiini 40. Kwa ini, libane hadi upana 150.

Kabla hujamshusha, pitia picha zote kuanzia kilele cha kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo) hadi mfupa wa kinena. Kanula ibaki mkononi mpaka umalize.