Ratiba ya chakula cha jioni kwa wiki nzima: sisi wa ziwani tunaanza na mwezi

Wengi wakitaka kupanga chakula cha wiki wanakimbilia daftari: Jumatatu wali, Jumanne dagaa, Jumatano ugali na mboga za majani. Siku mbili haziishi ratiba imeshakufa, kwa sababu dagaa walioandikwa wamepanda bei ghafla. Hapa Mwanza ratiba inaanzia sokoni, na soko linaanzia ziwani. Hivi ndivyo ninavyopanga kwangu Nyegezi, tukiwa watu sita.

Hatua ya 1: Tazama mwezi uko wapi

Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Wanaufuata mwanga, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa haiwavuti tena, na wavuvi wengi wa dagaa hupumzika. Siku hizo dagaa wanaadimika na bei inapaa. Basi nunua wakavu kipindi cha giza, wa kukuvusha mbalamwezi, na wiki ya mwezi mpevu uipe maharage, choroko na sato. Sato haangalii taa.

Ukifika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, uliza: wameanikwa kwenye chanja au mchangani? Wa chanja huenda wakazidi bei kidogo, lakini utaokoa maji na meno. Kisha mvunje mmoja kwa vidole. Akikatika, mkavu huyo. Akipinda, mwache, atakuotea ukungu ndani ya kopo.

Hatua ya 2: Andika siku nne, ziache tatu

Siku tatu ni za viporo, wageni na chochote kitakachopita mlangoni kwa bei nzuri. Kwangu Jumapili ni mchuzi wa sato na ugali wa muhogo, maana wote tupo. Jumatatu nachemsha maharage sufuria kubwa: nusu yanaungwa siku hiyohiyo, nusu yanangoja wali wa Jumatano. Mkaa haushuki bei, kwa hiyo jiko likiwaka lipikie siku mbili. Alhamisi, dagaa wa karanga.

Nyumba ya Wasabato mpangilio unageuka: siku kubwa ya jikoni ni Ijumaa, na chakula cha Jumamosi kinaiva kabla jua halijazama. Na kama una mgeni Msabato, usimwekee kambale kabla ya kuuliza. Wengi wao hawali samaki asiye na magamba.

Jioni ambayo hakuna mwenye nguvu, michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) ya kuchemsha na karanga inatosha kabisa. Watoto watanung'unika, kisha watamaliza.

Hatua ya 3: Dagaa wa karanga, mwanzo mpaka mwisho

Chukua robo kilo ya dagaa wakavu, vitunguu maji viwili, punje chache za kitunguu saumu, nyanya tatu zilizoiva, hoho moja, vijiko vinne vikubwa vya karanga zilizosagwa, mafuta, limao na chumvi.

Chambua dagaa, toa vichwa. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu. Ya moto sana yanawavuruga. Siri iko hapa: usimwage maji dagaa wakiwa ndani. Wainue kwa mikono uwahamishie bakuli jingine, mchanga ubaki chini. Rudia kwa maji mapya mpaka ukipapasa sakafu ya beseni usisikie chembe.

Wakaushe kwenye kikaango bila mafuta, moto mdogo, ukigeuza taratibu. Maji yakikauka, weka mafuta kidogo uwakaange mpaka waanze kulia wakigusana na mwiko. Waweke pembeni.

Ongeza mafuta, kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya dhahabu, weka kitunguu saumu, nyanya na hoho. Usiwe na haraka na nyanya: subiri mafuta yajitenge juu. Koroga karanga pembeni kwa kikombe kimoja na nusu cha maji ya uvuguvugu mpaka mabonge yaishe, ndipo umimine. Kuanzia hapo usiondoke jikoni, karanga hushika chini upesi. Baada ya dakika kama kumi rojo litakuwa zito. Rudisha dagaa, dakika tano tu, onja kabla ya kutia chumvi, epua, kamua limao.

Hatua ya 4: Kusanya mapishi ya wengine

Kila mtu nyumbani kwetu ana chake, na kila mwezi mmoja anapewa jioni yake apike. Shida ni wazee. Bibi akiulizwa, jibu ni "chumvi kiasi, maji ya kutosha". Usibishane naye. Kaa naye jikoni na kijiko na kikombe: akichota chumvi kiganjani, mwambie aimwage kwanza kijikoni, uandike. Maji vilevile. Andika na sufuria yenyewe, ya watu wangapi, na kama ni jiko la mkaa au gesi, maana muda haufanani.

Ukimtumia ndugu aliye mbali mapishi ya dagaa, taja aina yao. Wa Kigoma ni wanene kuliko hawa wetu, kwa hiyo aongeze muda wa kukaanga kabla ya rojo.