Mchezo wa Kivinjari Unapokataa Kufunguka kwenye Kompyuta

Mchezo unaochezwa ndani ya kivinjari unapokwama, watu wengi hukimbilia kufuta kila kitu au kubadili kivinjari kabla ya kuangalia umekwamia wapi, ilhali hapo ndipo penye jibu. Ukurasa mzima usipofunguka, kagua intaneti yako na ujaribu tovuti nyingine. Ukurasa ukifunguka lakini eneo la mchezo likabaki jeusi, tatizo kwa kawaida liko kwenye michoro. Mstari wa kupakia ukisimama katikati, yaelekea kuna faili ambayo haikufika, au nakala yake ya zamani iliyohifadhiwa imeharibika.

Mstari ukisimama, bonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja ili kivinjari kichukue faili upya kutoka kwenye tovuti badala ya kutumia zile kilizoziweka akiba. Kisha vumilia kidogo, kwa kuwa mchezo mkubwa unaweza kubeba makumi ya megabaiti, na bando likiwa limekaribia kuisha utakwama palepale kila mara. Hali isipobadilika, fungua mchezo kwenye dirisha fiche, yaani Ctrl, Shift na N kwa Chrome na Edge, au Ctrl, Shift na P kwa Firefox. Ukifunguka huko, basi mkosaji ni kiendelezi, yaani programu ndogo iliyoongezwa kwenye kivinjari, au data iliyohifadhiwa. Mimi huanza na kiendelezi cha kuzuia matangazo, kwa sababu michezo mingi ya bure husubiri tangazo limalizike ndipo ianze. Kizime kwa tovuti hiyo peke yake.

Ukitaka uhakika, bonyeza F12, ufungue sehemu ya Console, upakie ukurasa upya na usome mistari myekundu. Ukiona ERR_BLOCKED_BY_CLIENT, ujue faili imezuiwa humo humo kwenye kivinjari chako, mara nyingi na kiendelezi. Ukiona 404, faili haipo kwenye tovuti yenyewe, na hata ukisakinisha kivinjari upya hutapata nafuu. Mwandikie mwenye mchezo na umnakilie mstari huo.

Unapofuta akiba, chagua picha na faili tu, wala usiguse vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huweka kwenye kivinjari chako) na data ya tovuti, kwa sababu michezo mingi huhifadhi humo hatua uliyofikia. Nimeona watoto wakilia kwa kupoteza maendeleo ya miezi kwa alama moja ya tiki, na hakuna njia ya kuyarudisha ikiwa mchezo hauna akaunti.

Kwa skrini nyeusi, andika chrome://gpu kwenye upau wa anwani wa Chrome au Edge na utafute mstari wa WebGL, ambayo ndiyo teknolojia inayochora michezo mingi ya kisasa. Ikiandikwa kwamba imezimwa, au kwamba inaendeshwa na programu pekee, nenda kwenye Mipangilio, kisha Mfumo, uwashe matumizi ya kadi ya michoro na ukifungue kivinjari upya. Ikiwa tayari imewashwa, sasisha dreva ya michoro, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, kutoka kwa mtengenezaji, iwe Intel, AMD au NVIDIA.

Kompyuta kuukuu zina mambo yake. Chrome iliacha kusasishwa kwa Windows 7 na 8.1 baada ya toleo la 109, mwanzoni mwa 2023, hivyo baadhi ya michezo mipya haitafunguka humo. Tazama pia tarehe ya kompyuta: betri ndogo ya ubao mkuu ikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi, na kivinjari hukataa tovuti salama kwa kuona vyeti vyake havijaanza kutumika.

Michezo ya Flash, teknolojia ya zamani ya Adobe ya kuchezesha michezo na katuni kwenye kivinjari, ni suala la peke yake. Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuia maudhui yake yasichezwe. Kwa hiyo tovuti yoyote inayokuambia leo upakue Flash Player ili ucheze, funga ukurasa wake mara moja, kwani unachopewa kinaweza kuwa programu hasidi. Tumia Ruffle, kiendelezi cha bure kinachoiga Flash ndani ya kivinjari. Michezo ya zamani zaidi huiendesha vizuri, ilhali ile iliyoandikwa kwa ActionScript 3, toleo la baadaye la lugha ya Flash, bado mingine hukwama.